Pikapu Inayozima Ikisimama

Kila asubuhi Kulow alipakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye pikapu yake, akaenda kuyauza mjini Habaswein. Pikapu ilikuwa kuukuu, lakini kijijini hakukuwa na gari lingine. Hata wagonjwa waliitegemea.

Ilikuwa na kasoro moja. Barabarani ilikimbia vizuri. Ikisimama, injini ilitetemeka, ikakohoa, ikazima.

"Hii gari itakuaibisha siku moja," mkewe Qali alimwambia.

"Haizimi nikikanyaga mafuta," Kulow alijibu. Kila aliposimama aliacha mguu kwenye pedali, akajiona mjanja.

Mwezi wa tano, Weris, mke wa jirani yao Shuaib, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro ili wampeleke hospitali. Njiani kulikuwa na kizuizi kipya cha polisi. Pale kila mtu hushuka na kuonyesha kitambulisho, hata dereva. Kulow aliposhuka, mguu ulitoka kwenye pedali na injini ikazima.

Polisi walimwona Weris, wakasema waende haraka. Injini ilikataa kuwaka. Kulow alipiga stata mpaka betri ikaisha. Walisukuma, na polisi wakasukuma nao, lakini magurudumu yalizama mchangani. Muda wa saa mbili ulipita juani bila gari lingine kutokea. Mtoto alizaliwa pale pale. Hakulia. Weris alipona, lakini Shuaib alirudi nyumbani akiwa na maiti ya kuzika.

Kulow alisema ni kadari ya Mungu. Naam, Mungu ndiye apangaye, lakini pikapu ilikuwa ya Kulow. Tangu siku ile Shuaib aliacha kumsalimia.

Qali aliona aibu kupita mbele ya nyumba ya Weris. Hakumwomba mumewe ruhusa. Alimwita Iftin, binti anayetunza injini ya kisima cha kijiji, aje aikague pikapu.

Iftin alifungua boneti. "Adeer, filta ya hewa iko wapi?" alimuuliza Kulow, akimwita ami kwa Kisomali.

"Niliitoa. Ilijaa vumbi, gari ikakosa nguvu."

"Ilijaa kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Sasa hilo vumbi linaenda wapi?"

Kulow aliinama, akachungulia pale filta ilipokuwa.

Betri ilikuwa imechajiwa upya, na Iftin alimwambia Kulow awashe na kukanyaga mafuta kidogo. Akadondosha maji ya sabuni juu ya mpira mmoja mwembamba wa hewa. Povu lilinyonywa ndani, na mlio wa injini ukabadilika.

"Hapa kuna ufa. Hewa inaingia mahali haitakiwi. Huu mpira tutabadilisha."

Alizima injini, akaiacha ipoe, akamwambia Qali apeleke jiko la makaa mbali. Kisha alifungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Akamwonyesha Kulow kitundu kidogo sana.

"Ukikanyaga, petroli inapita njia kubwa. Ukiachilia, injini inakunywa kupitia hapa. Vumbi limeziba. Ndiyo maana inakimbia lakini ikisimama inazima."

Kulow alichukua kipande cha waya ili azibue.

"Weka chini, adeer. Waya itapanua tundu. Tunaosha kwa petroli, tunapuliza kwa pampu."

"Si ungekaza hii skrubu tu, injini izunguke kwa kasi? Madereva wengi wanafanya hivyo."

"Wanaficha ugonjwa. Skrubu tunaigusa mwisho, baada ya kusafisha."

Walifunga mpira mpya na filta mpya. Iftin alirekebisha skrubu taratibu. Injini ikanguruma bila mguu wa mtu. Hakuna aliyeshangilia.

"Kila wiki toa filta ukung'ute vumbi," Iftin alisema. "Ikichakaa, nunua nyingine. Usiendeshe bila filta."

Kulow alifanya hivyo kila Ijumaa, wiki baada ya wiki.

Mwezi wa nane, saa sita mchana, Shuaib alikuja. Mama yake, Bishara, alikuwa na homa kali na alipumua kwa shida.

"Washa," Shuaib alisema. "Halafu shuka."

Kulow aliwasha, akashuka, akasimama kando. Shuaib alisikiliza injini kwa muda mrefu. Kisha akaenda kumbeba mama yake.

Kwenye kizuizi walishuka wote wawili. Injini iliendelea kunguruma mpaka wakarudi. Walifika hospitali mapema, na Bishara akapewa hewa ya oksijeni na dawa. Daktari alisema atapona.

Shuaib alitoka wodini, akasimama mbele ya Kulow. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu mazishi.

"Iftin alichukua muda gani kutengeneza?"

"Asubuhi moja," Kulow alisema.

"Asubuhi moja," Shuaib alirudia. Akageuka, akarudi ndani kwa mama yake. Kulow hakuthubutu kumfuata.