Katapila la Umuganda

Jumatatu asubuhi katapila halikuwepo. Pale uani Mahoko palibaki alama za minyororo yake kwenye matope, na utepe wa mahakama uliokatwa vizuri, ukakunjwa, ukawekewa jiwe juu usipeperuke.

Inspekta Iribagiza wa upelelezi aliuchutamia utepe ule kwa muda. Mwizi mwenye adabu namna hii alikuwa hajawahi kukutana naye, na alitamani sana kumjua.

"Limepotea lini?"

"Jumamosi," alisema Karenzi, mlinzi. "Nilienda umuganda. Kurudi saa tano, uwanja mweupe."

"Leo ni Jumatatu."

"Nilidhani wilaya imelichukua kwa kazi. Katapila barabarani siku ya umuganda, nani atauliza?"

Kweli, nani? Jumamosi ya mwisho wa mwezi nchi nzima hushika jembe kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka hufungwa.

Mlalamikaji alikuwa Twahir, mfilisi aliyeteuliwa na mahakama kuuza mali za kampuni ya machimbo ya bati iliyoanguka mwaka jana.

"Mnada ni Ijumaa," alisema. "Katapila ndicho kitu pekee chenye thamani."

"Na mashimo waliyoyaacha Nyakiriba?"

"Mashimo hayauziki, Inspekta."

"Nauliza nani anayafukia."

"Kampuni."

"Kampuni imekufa."

"Basi wilaya."

"Wilaya wanasemaje?"

"Wanasema kampuni."

Iribagiza alitoka uani akifuata matope.

Alama za minyororo zilipanda hadi Nyakiriba. Katapila lilikuwa kilimani, limeoshwa, limefunikwa turubai, kando ya mashimo ya kampuni. Yalikuwa manne. Matatu yalikuwa yamefukiwa.

Iribagiza alichimba kidogo kwa koleo. Udongo mwekundu chini, mweusi juu, kama ulivyokuwa kabla ya machimbo. Aliyefukia alijua udongo mweusi ulirundikwa wapi siku ya kwanza.

Shimo la nne lilikuwa wazi, limejaa maji, na ukingo wake umepasuka. Hatua thelathini chini yake ilikuwepo nyumba ya Mukandutiye, bibi muuza viazi.

"Mama, nani alileta katapila hapa?"

"Mi sikuona kitu, afande. Nilikuwa ku umuganda."

Majirani nao walijibu hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine.

"Umuganda wenu ulifanyika wapi?"

Bibi aliyageukia mashimo. "Hapa."

Iribagiza alijizuia kucheka. Umuganda huandikwa kwenye daftari la kijiji. Alimwita mkuu wa kijiji, Nsengiyumva, mtu mnyoofu kupita kiasi, naye akaleta daftari bila kusita. *Kazi: kufukia mashimo. Watu: sitini na wawili. Mashine: moja. Dereva: Habineza Damascène.*

"Uliandika haya yote?"

"Ripoti ya umuganda haidanganywi, afande. Nakala iko kwa ofisi ya sekta tayari."

Damascène alikuja mwenyewe, ufunguo mkononi. Iribagiza alimfunga pingu.

"Ulipata wapi ufunguo?"

"Nilikuwa dereva wao. Walipofunga, bon, hakukuwa mutu wa kumurudishia."

"Mafuta?"

"Viazi. Kila nyumba ilitoa, wamama wakaenda kuuza Goma."

"Kwa nini?"

Damascène alilitazama shimo la kwanza. "Ile nilichimba mimi. Walisema tutaifukia. Mwaka jana Belise, mujukuu wa mama huyu, alizama ndani. Alikuwa na miaka sita. Kila ofisi tulienda, walituonyesha ofisi ingine. Donc, nilichukua masini. Niliiba, afande, sikatai. Lakini mafuta iliisha mbele ya kufikia shimo la ine. Mvua ikinyesha, hii maji inashuka kwa nyumba ya mama."

Mukandutiye alikuwa akilia.

Upande wa ziwa Kivu wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Gari la polisi lingefika alasiri. Twahir alipiga simu: katapila lisiguswe, ni mali ya wadai wa kampuni.

"Halitaguswa," alisema Iribagiza.

Alitia ufunguo kwenye bahasha ya vielelezo, akaifunga kwa gundi, akaiwekea sahihi. Kisha akavua koti. Akafungua pingu za Damascène.

"Mtu hashiki jembe na pingu. Onyesha mtaro wa kutoa maji upite wapi. Kituoni utaenda gari likifika."

Watu walikuwa wakipanda mlima na majembe begani, bila kuitwa. Nsengiyumva alibaki amesimama na daftari lake, hana raha.

"Lakini afande, leo ni Jumatatu. Niandike nini?"

"Andika unachokiona."

Akaandika, polepole, kwa mwandiko wake mzuri: *Kazi: shimo la nne. Mashine: hakuna. Mshukiwa: mmoja. Afande: mmoja.*