Barabara ya Shamba, Nyumba ya Mwisho

Mimi nina wivu, na sioni haya kusema. Mtangazaji wa taarifa ya habari akitabasamu kupita kiasi, nabadili chaneli. Mume wangu hucheka tu. Yeye ni fundi umeme, kutwa yuko kwenye nyumba za watu, na nyumba za watu zina wanawake. Sasa nitulie vipi?

Jioni ile jua lilikuwa linaanza kushuka wakati namalizia pindo la mapazia ya mwalimu mmoja, mteja mpya aliyenitumia vipimo na anwani. Kazi yangu ni kushona mapazia na kwenda kuyatundika mwenyewe. Simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la nguo, kwa hiyo nikamwomba mume wangu ya kwake, nipate ramani ya kunifikisha.

"Chukua," akasema, macho yakiwa kwenye mpira wa televisheni. "Ila usianze upekuzi wako, mke wangu."

"Kwani una cha kupekuliwa?"

Akacheka, kisha akakohoa kile kikohozi chake kikavu cha vumbi la kuta. Nikabeba furushi langu nikatoka.

Ndani ya teksi nikaanza kuandika anwani ya mwalimu, Barabara ya Shule. Sikufika mbali. Simu ikanimalizia yenyewe:

Barabara ya Shamba, nyumba ya mwisho.

Nikafuta. Nikaandika upya, ikarudi palepale. Wenye simu hizi mnazijua zilivyo na kiherehere, mwenyewe akizoea kwenda mahali, zinakurupuka kumpeleka huko kabla hajamaliza kuandika. Mwenyewe akizoea... Nikaandika polepole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Maandishi yakabadilika mbele ya macho yangu, na safari hii likaongezeka neno moja.

Barabara ya Shamba, nyumba ya mwisho. Nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" nikasema kwa sauti.

"Unasemaje, mama?" akauliza dereva.

"Fuata ramani hii."

Mwalimu nilishamsahau. Kichwani nilimwona tayari huyo mwanamke, nilimwona na nywele zake na kicheko chake, nikapanga hadi kofi la kwanza litatua wapi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Ukuta mweupe, geti wazi, duka dogo upande wa pili wa barabara. Madirisha hayakuwa na pazia hata moja. Nikamwambia dereva anisubiri. Kabla sijagonga, mlango ukafunguka.

"Umechelewa," akanong'ona mwanamke aliyesimama pale. Alikuwa mrembo, na hilo likanichoma kuliko yote. "Mapazia umekuja nayo?"

Nilikuwa natazama sakafuni, karibu na mlango. Ndara za mume wangu! Ukanda wa kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu, na uzi ule niliupitisha mimi kwa mkono wangu.

Nikaingia bila kukaribishwa. Ndani palinuka rangi mbichi, na chini ya rangi palinuka yeye, jasho lake la kazi ninalolijua hata gizani. Kisha kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa...

Kikohozi.

Kikavu. Cha vumbi la kuta.

Nilimwacha nyumbani anaangalia mpira. Akili ilinikumbusha hivyo, lakini wivu hauna muda wa kusikiliza akili.

"Mtoe," nikasema. "Mtoe nimwone."

"Amelala. Hapendi mwanga." Akasogea karibu. Hakuwa na harufu yoyote, hata ya sabuni. "Tundika kwanza. Chumba kikiwa na giza ataamka."

Na mimi, kwa hasira, nikatundika. Nilitaka yule mwanamke aishiwe visingizio. Nikapanda kiti, nikapitisha mapazia ya mwalimu kwenye fimbo ya dirisha la pale sebuleni, nayo yakakaa sawasawa, kana kwamba vipimo vilichukuliwa hapo. Hata hilo sikulijali.

Sisi mafundi wa mapazia tuna mwiko mmoja. Ukishatundika, unashuka na kusubiri. Pazia jipya hulivuta kwanza mwenye nyumba, maana anayelivuta kwanza nyumba humhesabu kuwa ndiye mwenyewe, wewe fundi huligusi. Nilikuwa sijawahi kuuvunja, hata kwa wateja wenye kiburi.

Nikashuka. Mwanamke akanyoosha mkono kwenye pazia. Taratibu. Huku ananitazama na kutabasamu, tabasamu la mtu aliye kwake.

Nikashindwa.

"Toa mkono wako!" Nikaukamata, ulikuwa baridi kama bomba. "Mume ni wangu. Na kama hapa ni kwake, basi hii nyumba ni yangu!"

Nikavuta mapazia mwenyewe, yote mawili, mpaka yakagusana.

Giza.

Kikohozi kikakatika katikati.

"Asante," ikasema sauti gizani. Ilikuwa sauti yangu.

Nilipopapasa ukutani na kuwasha taa, nilikuwa peke yangu. Ndara hazipo. Simu haipo. Nikasukuma mlango wa chumbani nikakuta sakafu tupu na vumbi lisilokanyagwa. Nikatoka mbio. Teksi nayo haipo.

Mwenye duka alikuwa ameacha kupanga bidhaa zake. Alinitazama mimi, halafu madirisha.

"Dereva amekwisha kukuchukua, nimekuona unapanda," akasema kwa sauti ya chini. "Dada... umesema nini mle ndani?"

"Nimesema ni yangu."

Akateremsha mlango wa duka lake, naye akiwa ndani.

Nilikwenda nyumbani nusu natembea, nusu nakimbia. Mpira ulikuwa bado haujaisha, nilisikia kelele zake tangu nje. Nikagonga. Akafungua yule mwanamke, kavaa gauni langu la nyumbani.

"Nani huyo, mke wangu?" akauliza mume wangu kutoka ndani.

"Ni dada mmoja," akajibu kwa sauti yangu. "Sijui anataka nini."

Mume wangu akaja mlangoni. Nikamshika mkono. "Ni mimi. Niangalie vizuri, ni mimi! Barabara ya Shamba ulikwenda kufanya nini?"

"Ile nyumba tupu?" Alishangaa tu, bila hata chembe ya hatia. "Nilipigiwa simu nikatengeneze soketi. Sikukuta mtu. Hata getini sikuingia, nikarudi zangu."

Hakuwahi kuingia. Hakuwahi kuwa na mtu.

Akautoa mkono wangu kwenye wake, kwa upole, kidole kimoja kimoja. Akamtazama yule aliyekuwa nyuma yake, akatabasamu kama anavyonitabasamia mimi.

"Samahani, dada, lakini utaniponza," akasema. "Mke wangu ana wivu sana huyu."

Mlango ukafungwa. Nikasogea dirishani, kwenye mapazia ya sebuleni niliyoyashona mwaka tuliooana. Mkono ukatokea kwa ndani, ukayavuta, na nyuma yake nikamsikia mume wangu anacheka.