Prosesa ya Nusu Bei na Kurasa Kumi na Nne

Ndugu zangu, nimepanga vyumba vingi katika kutangatanga kwangu, na majirani wengi nimewasahau. Hawa sijawasahau.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Fundi wa kompyuta alikaa mlangoni akisafisha feni kwa brashi, mkewe ndani akimalizia ramani za zahanati. Miaka minane mama huyu alikuwa akichora majengo yanayobeba jina la watu wengine. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kwa jina lake: kurasa kumi na nne, zifike ofisi ya mradi kesho kabla ya saa nne.

"Baba, nimemaliza!" akasema. "Naenda kumwona mhandisi atie sahihi fomu. Ramani ziko kwenye kompyuta, na nakala nyingine iko kwenye flashi hapo mezani. Usiguse kitu."

"Niguse nini mimi? Nenda, mama, nenda."

Hajafika hata kona, simu ya fundi ikalia. Ujumbe kutoka dukani: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, zimeshuka bei.

Mtaani tulimwita Nusu Bei. Akisikia punguzo, chakula hakipiti kooni. Akanivuta twende wote.

Muuza vipuri, mama asiye na haraka, akamwekea mbili mezani.

"Shemeji, zote zimeshuka. Hii kubwa imeshuka nusu kwa sababu toleo jipya limeingia, na inakula umeme kama pasi. Hii ndogo imeshuka kidogo, lakini kwa kuchora ramani inatosha na kubaki. Kwa pesa inayosalia unanunua pawa mpya."

Pawa ni kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Ya nyumbani ilikuwa kuukuu, naye alijua.

"Kubwa kwa nusu bei, halafu nibebe ndogo? Wewe mwenyewe utanicheka."

"Na pawa je?"

"Itavumilia."

"Haya. Nimesema, na mzee huyu ni shahidi."

Shahidi nikanyamaza. Na hilo pia naliandika.

Nyumbani, bodi ya zamani ya kompyuta ile ya ramani, yaani sahani inayobeba viungo vyake vyote, haikuweza kuitambua prosesa mpya mpaka programu yake ya ndani ibadilishwe kwa flashi. Fundi akanyoosha mkono mezani, akaichukua iliyokuwa karibu, akaifuta yote, akafanya kazi yake. Kisha akafunga prosesa, akawasha.

"Mzee, ona! Imewaka kabla sijakohoa! Ngoja niikimbize kidogo."

Akaikimbiza. Feni ikalia kama nyuki. Ghafla, pa! Moshi mwembamba ukatoka nyuma.

Akafunga pawa aliyoitoa kwenye mashine ya mteja. Diski iliyohifadhi ramani, kimya. Akaitoa, akairudisha. Kimya. Pawa ilipokufa iliiua na diski.

"Si neno," akasema, "nakala iko kwenye fla..."

Hakulimaliza neno. Flashi ilikuwa bado imechomekwa mbele yake. Akaitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

Mkewe akaingia na fomu yenye sahihi ya mhandisi mkononi. "Mbona kunanuka?"

Akaiona kompyuta iko wazi. "Baba, flashi iko wapi?"

Akampa. "Niliifuta. Nilidhani ni ya kazi zangu. Mama, prosesa ilikuwa nusu bei..."

Hakupiga kelele. Alivua viatu, akakaa sakafuni. "Nusu bei," akasema. "Nusu nyingine umenilipisha mimi."

Akaazima kompyuta, akaanza upya. Kesho yake saa nne alikuwa na kurasa sita. Karani alizipokea kwa huruma, akazihesabu, akazirudisha. Zahanati ikachorwa na mwingine. Na ile prosesa? Ilipona, haina hata doa.

FUNZO

Jamani, bei kushuka si kosa, nanyi nunueni. Lakini kabla ya kuuliza imeshuka kiasi gani, jiulize kazi yako inahitaji nini, na mashine yako inaweza kubeba nini. Prosesa ni kiungo kimoja. Nunua kwa kuangalia mwili mzima. Kitu cha thamani ni kile kinachofanya kazi uliyo nayo, na kidogo kinachotosha kinakuacha na fedha ya kuimarisha palipo dhaifu. Kazi ya mwenzako usiiguse bila kumuuliza, hata kama mnalala kitanda kimoja. Nasi mashahidi tufungue midomo mapema.

Siku hizi fundi humuuliza kila mteja, "Kazi yako ni ipi?" kabla ya kutaja bei. Ndani, mkewe bado anachora kwa jina la wengine. Flashi yake ameifunga kamba, anaivaa shingoni, na haivui hata mumewe anapomletea chai.