Gidudu na Matairi Kumi na Mawili

Kila asubuhi Gidudu alitandika gunia lake pembeni mwa barabara kuu pale Bugembe, karibu na mji wa Jinja. Alinoa kisu. Alibana tairi kuukuu kwa magoti, akaanza kukata. Mkewe, Janepher, alipigilia misumari na kusema na wateja. Kabla chai haijapoa, jozi moja ya viatu ilikuwa tayari.

Ulikuwa mwaka wa 1975. Viatu vya dukani vilikuwa vimeadimika. Hata ukiwa na pesa, ungenunua nini, rafu tupu? Mwalimu alivaa viatu vya tairi. Karani alivaa viatu vya tairi. Hata polisi alikuja kimya kimya kupimwa mguu.

Wateja walikuwepo. Matairi ndiyo yalikuwa shida.

Siku moja Mubaraka, msimamizi wa gereji ya mabasi mjini Jinja, alimwita Gidudu.

"Fundi, nina matairi arobaini. Kila moja shilingi kumi na tano. Kuna mtu wa Kampala anayataka yote. Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo usinilaumu."

Gidudu alikuwa na shilingi thelathini na tano tu. Kiwanda alichofanyia kazi zamani kilikuwa kimesimamisha mashine. Hakuwa na mahali pengine pa kushika.

"Tukiyakosa haya, tunarudi kwetu Mbale kubeba mizigo ya watu," alimwambia mkewe.

"Haturudi," alisema Janepher. "Tafuta mkopo."

Basi Gidudu akaazima koti la jirani. Lilikuwa kubwa, mikono inafika kwenye vidole. Siku hizo waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa walipita mjini na makoti na saa zao, na milango iliwafungukia. Gidudu akafikiri, benki nayo inapenda watu wa namna hiyo. Akapiga hesabu ya ukubwa, si ya haja.

"Nataka shilingi elfu tano," alimwambia karani wa benki mjini Jinja.

"Una hati ya shamba?"

"Hapana."

"Una mshahara?"

"Nina biashara kubwa sana."

"Vitabu vya biashara viko wapi?"

"Viko kichwani mwangu."

"Bwana," alisema karani, "kichwa hatuwezi kukiweka rehani. Anayefuata!"

Gidudu alipanda basi mpaka Mbale. Huko ndiko alikozaliwa. Labda benki ya huko ingemwonea huruma. Wapi! Maswali yalikuwa yaleyale, na jibu lilikuwa lilelile. Alitoka nje akiwa na hasira, na koti likimchoma kwa joto.

Alikwenda mtaa wa Namatala, palepale Mbale, kwa dada yake mkubwa, Nafuna, aliyeuza samaki wakavu sokoni. Nafuna alimtazama juu mpaka chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ee, Gidudu! Umevaa hema?"

"Usinicheke, dada. Benki mbili zimenikataa."

Nafuna akaacha kucheka. Akamkalisha, akampa ndizi na samaki. "Uliomba kiasi gani?"

"Elfu tano."

"Matairi ni pesa ngapi?"

"Yote ni mia sita."

"Sasa hizo nyingine za kununulia nini? Ndege?"

Gidudu alikunja mikono ya koti. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi ni mwanaume wa Kigisu. Nilisimama mbele ya kisu cha tohara, sikupepesa jicho. Nitasimamaje mbele ya watu niseme sina kitu?"

"Kumbe ndilo hilo!" alisema Nafuna. "Kisu hukukiogopa, unaogopa kusema kweli? Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Mimi pia benki ilinikataa. Leo nina meza mbili hapa sokoni. Unajua nilipata wapi pesa?"

"Kwa mume?"

"Mume gani? Kwenye chama cha kuweka na kukopa. Tuko watu kumi na wanane. Kila wiki kila mtu anaweka shilingi tano. Mwandishi anaandika mbele ya wote. Baada ya miezi mitatu, mwanachama anaweza kukopa mara tatu ya akiba yake. Wanachama wawili wanamdhamini. Kila mwezi analipa kidogo, na riba ya shilingi moja kwa kila mia. Riba ni yetu wenyewe."

"Basi waambie wanikopeshe mimi."

"Hawawezi. Hawakujui. Benki inauliza hati ya shamba kwa sababu haijui tabia yako. Chama hakiulizi hati kwa sababu wanachama wanakuona kila siku. Nani anakuona kila siku?"

"Watu wa Bugembe."

"Rudi kwao. Lakini sikiliza. Kwanza mwendee chifu wa gombolola, mkuu wa eneo lenu, upate barua ya ruhusa. Siku hizi za utawala wa jeshi, watu kumi wakikaa pamoja wanaulizwa. Pili, nenda ofisi ya vyama vya ushirika, wakuonyeshe namna ya kuandika kitabu cha hesabu. Tatu, mwambie mwenye matairi ukweli."

Gidudu alivua koti, akalikunja, akalibeba mkononi mpaka Bugembe.

Kesho yake alikwenda gereji na nguo zake za kazi. "Bwana Mubaraka," alisema, "sina pesa za matairi arobaini. Leo nanunua mawili tu. Baada ya miezi mitatu nitataka kumi na mawili. Unaweza kuniwekea?"

Mubaraka alijikuna kidevu. "Watu wote huniambia kesho, kesho. Wewe unaniambia miezi mitatu. Haya, kumi na mawili nitayaficha nyuma. Hayo mengine yanakwenda Kampala."

Ilimuuma Gidudu kuona lori likiondoka na matairi yale. Lakini alikata viatu.

Alipopata barua ya chifu na kitabu cha hesabu, yeye na Janepher walizunguka mlango kwa mlango. Wengine walikataa. "Pesa zangu ziende kwa watu? Ng'o!" Wengine walikubali. Mwishowe walipatikana watu kumi na wawili, pamoja na wao wenyewe. Fatumah, muuza karanga, akachaguliwa mweka hazina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpunja wala kupunjwa naye. Walikutana kila Jumamosi mchana.

Jumamosi ya tano, mwanajeshi mmoja alisimama mlangoni. Wote wakakauka.

"Mkutano wa nini huu?" aliuliza. "Siasa?"

Fatumah alishika sanduku la pesa kwa mikono miwili. Gidudu alisimama. Alimnyooshea barua na kitabu.

"Hapana, afande. Mimi ni fundi viatu. Ni maskini. Benki mbili zimenikataa. Hawa nao ni kama mimi. Tunaweka shilingi tano tano ili tukopeshane. Barua ya chifu ni hii. Kitabu ni hiki."

Mwanajeshi alisoma barua. Alifungua kitabu, akafuata majina kwa kidole, moja moja. Chumba kizima kilisikia pumzi zake.

"Pesa ngapi ziko ndani ya sanduku?"

"Shilingi sitini za leo, afande," alijibu Fatumah. "Zile za nyuma ziko posta."

Mwanajeshi alitazama sanduku. Kisha akarudisha kitabu. "Endeleeni. Msipige kelele."

Alipokwisha kwenda, Janepher alikaa chini ghafla. "Uwii! Nimezeeka leo," alisema, na watu wakacheka kwa woga uliokuwa unawatoka. Hakuna aliyejitoa. Tangu siku ile pesa hazikulala sandukuni hata usiku mmoja.

Miezi mitatu ilipotimia, Gidudu alikuwa na akiba ya shilingi sitini. Aliomba mia na themanini, bei ya matairi kumi na mawili, si zaidi. Alieleza mbele ya wote: tairi moja hutoa jozi nane, jozi huuzwa shilingi tano, na kila mwezi atalipa shilingi thelathini na riba yake. Safari hii hesabu ilikuwa ndani ya daftari, kwa mwandiko wa Janepher.

"Nani anamdhamini?" aliuliza Fatumah.

Mikono ilinyanyuka. Ilihitajika miwili. Ilinyanyuka tisa.

Gidudu alilipa kila mwezi, hata mwezi ambao mvua ilifukuza wateja. Baada ya miezi sita deni likaisha. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga kibanda chenye bati na kufuli. Hawakurudi Mbale kubeba mizigo. Walikwenda Krismasi tu, wakampelekea Nafuna jozi mbili za viatu.

Mkopo wa pili ulipotoka, Gidudu alikwenda tena gereji kuchukua matairi ishirini. Mubaraka alihesabu noti, akashangaa.

"Fundi, benki gani hii iliyokukubali?"

"Benki ya Bugembe."

"Bugembe hakuna benki. Mimi napita kila siku."

"Unapita, huingii," alisema Gidudu, akinyanyua tairi la kwanza. "Njoo Jumamosi mchana. Uje na shilingi tano."