Uzi wa Shira

Kila nikitoka shule nilipitia jikoni kwa Bibi kabla hata ya kuvua sare. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, basi mimi ndiye niliyemchambulia mchele na kumtofautishia chumvi na sukari. Nyumba nzima iliniita Jicho, nami nikavimba kichwa.

Harusi ya shangazi ilipokaribia, watu walitaka visheti vinunuliwe dukani. Bibi alikataa. Alisema binti yake wa mwisho hataolewa kwa visheti vya kununua, na kwamba mikono yake haijapofuka. Wakamkubalia shingo upande.

Alikanda, akakata, akakaanga mwenyewe, vikatoka vikavu na vyekundu. Ikabaki shira ya kuvipaka. Sukari na maji vilipochemka, aliniagiza nichukue tone, nilipoze, nilibane kwa vidole viwili. Likivuta uzi, shira imeiva. Nje wenzangu walikuwa wakiniita tukaruke kamba. Sikugusa hata mwiko.

"Jicho, uzi umetoka?"

"Umetoka, Bibi."

Akaipua, akavimwagia.

Kesho yake, mbele ya wakwe, visheti vilikuwa vimelowa chepechepe na kugandana. Shangazi aliona aibu, akawaomba wageni wamsamehe mama yake, ni uzee. Bibi aliinamisha kichwa, hakunitaja. Mimi niliyejua ukweli nikafyata ulimi.

Wageni walipoondoka, nilimwona Bibi akimkabidhi mama sufuria yake ya shira, kama mtu asiyepika tena. Hapo uzalendo ulinishinda. Nilimweleza Bibi yote huku nikilia.

"Niliisikia tangu naimwaga," alisema. "Shira iliyoiva haina sauti ya maji."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilimwamini mjukuu wangu kuliko masikio yangu."

Akanituma kwa shangazi nikaseme mwenyewe. Shangazi alikuja kumwomba mama yake radhi, na sufuria ikarudi. Wakwe hawakurudi kuonja tena.

Jumamosi Bibi alipika upya. Shira ilipochemka nilisogea, nikangoja aniite. Hakuniita. Alichota tone, akalibana mwenyewe likiwa bado la moto, akauma meno.

"Bibi, hujanisamehe?"

"Nilishakusamehe siku ileile, mjukuu wangu. Lakini kuaminiwa ni kama shira. Haiivi kwa kuambiwa imeiva."