Kopo la Udongo wa Diu

Kopo la biskuti lilikuwa limelowa. Mtu yeyote wa Élisabethville anajua kwamba mwezi wa saba hakuna kitu kinacholowa chenyewe: vumbi limeingia hadi kwenye meno, midomo imepasuka kwa baridi, na nguo hukauka kabla dobi hajamaliza porojo zake. Alphonse alilifuta kopo, akalirudisha juu ya kabati. Alipogeuka, maji yalikuwa yanachuruzika tena ubavuni mwa kabati, tone baada ya tone, na nyumba ikaanza kunuka.

"Iko harufu gani hii?" aliuliza Germaine, mkewe, mkono juu ya tumbo la miezi minane. "Samaki?"

Katika mtaa mzima ni Alphonse peke yake aliyeijua harufu ile. Ilikuwa bahari, na bahari ilikuwa mbali mno.

Alikuwa mpishi wa Bwana Teles, mfanyabiashara wa Kireno. Mwaka ule bwana alikwenda kumwona mama yake Diu, mji wa kale wa Wareno pwani ya magharibi ya India, akawachukua Alphonse na dobi wake, Casimir, aliyekuwa ndugu wa ukoo mmoja na Alphonse. Treni hadi Beira, kisha meli. Alphonse aliporudi, majirani walitaka kusikia habari za Diu, naye akawapa: ngome yenye mizinga iliyoota kutu, kanisa jeupe kama unga wa muhogo, vichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Alitia chumvi kidogo. Angekuwa mpishi gani asipotia? Ila habari ya Casimir haikuhitaji chumvi. Homa ilimchukua kwa siku nne, wakamzika nje ya ukuta wa ngome, upande wa bahari.

Katika ukoo wao mtu haachwi ugenini. Ndugu huchukua udongo wa kaburi lake, humwita arudi, na mtoto wa kwanza kuzaliwa nyumbani hupewa jina lake. Clotilde, mama yake Casimir, alikuwa akihesabu siku za mimba ya Germaine kuliko Germaine mwenyewe.

Lakini asubuhi ya safari mvua ilikuwa imesawazisha makaburi yote, na meli ilikuwa inapiga honi. Alphonse alichagua tuta lililo karibu zaidi na maji, kwa sababu lilikuwa na vipande vya bangili za kioo, akadhani kuna mtu aliyemhurumia Casimir akampambia kaburi. Wanawake waliokuwa wakianika samaki walimpigia kelele. Mmoja alijifunika uso. Alphonse alidhani wanamwita mwizi. Haraka haraka haina baraka, naye alikuwa na haraka. Alichota udongo, akautia katika kopo la biskuti, akasema: "Wewe uliyelala hapa, twende nyumbani. Tumbo la mke wangu linakungoja, na jina liko." Na kwa kuwa kwao jina la marehemu halitamkwi juu ya kaburi, hakusema ni nani anayemwita.

Siku ya tatu tangu kopo lianze kulowa, king'ora cha kiwanda kilipolia alfajiri, Alphonse aliamka akaona nyayo za maji sakafuni, nyembamba, bila kisigino, zikitoka kabatini, zikizunguka kitanda, zikienda moja kwa moja upande wa Germaine na kuishia hapo bila kurudi, naye akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe kama alivyozoea kila asubuhi, akakuta ni baridi, baridi ya chungu kilicholala nje, na ndani yake hakuna kilichocheza.

"Mutoto hachezi," Germaine alinong'ona. "Tangu jana hachezi. Mi naogopa, Alphonse."

Alphonse aliogopa kuliko yeye. Alikimbia kumwita Mama Mwaba, mganga wa Kibemba, akamweleza yote njiani, na Clotilde akaja nyuma yao bila kitambaa kichwani.

Mama Mwaba alinusa kopo, hakuligusa. "Mama Clotilde, muulize. Mutoto anajua jina ya ziwa la mama yake."

Clotilde alipiga magoti. "Kama uko mwana yangu," alisema, "nilikuwa nakuita nani wakati unanyonya?"

Kisha midomo ya Germaine ikafunguka, macho yake yakiwa yamefumba, na sauti isiyo yake ikasema taratibu:

"Nipe jina lolote. Nitalivaa."

Clotilde alilia kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya habari ya msiba. "Huyu haiko mwana yangu! Mwana yangu alibakia kule!"

"Haikukuwa muntu hata siku moja," alisema Mama Mwaba, akimgeukia Alphonse. "Bale bantu ya kule balilifunga pale, weye ukalifungulia. Uliliahidi jina na nyumba, baba. Ahadi ya vile hairudi. Lazima lipate jina."

Alphonse alimtazama mkewe, midomo yake imekuwa ya bluu. Hakufikiri sana. "Basi likamate yangu," alisema. "Alphonse. Likamate, liache mutoto."

Udongo ulikauka papo hapo ukawa vumbi. Germaine alipiga kelele, akashika tumbo: mtoto alikuwa anapiga mateke.

"Jina ile haiko yako tena," Mama Mwaba alimwonya. "Muntu akiita, usiitike hata kidogo."

Akabaki na jina la babu yake, Kabongo. Bwana Teles alicheka, akakubali. Kwake supu ilikuwa ileile. Mtoto alizaliwa salama, msichana, Régine, na Kabongo alimpenda hadi watu wakamtania.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, jioni ya mvua, Kabongo alikuwa anarudi nyumbani kutoka kazini. Kutoka pembeni mwa barabara alimwona Clément, rafiki wa zamani aliyekuwa mgodini Kipushi mwaka mzima na asiyejua lolote, amesimama mlangoni pake. Germaine alikuwa bombani na ndoo. Régine alikuwa amelala ndani, peke yake.

"Alphonse!" Clément aliita. "Alphonse, uko?"

Kabongo alifungua mdomo kumzuia. Lakini sauti ilitoka ndani ya nyumba kwanza, sauti yake mwenyewe, yenye furaha:

"Niko, ndugu. Ingia tu. Nimebeba mutoto."