Gauni la Dada, Vipimo Vyangu

Jioni ile nilitoka kazini mapema kwa sababu ya zipu. Zipu tu, ya inchi ishirini na mbili, rangi ya kahawia, ya kushonea mgongoni. Gauni la dada yangu lilikuwa limebakiza hiyo na upindo wa chini. Duka la vifaa vya ushonaji hufungwa saa kumi na mbili na nusu, na mwenye duka hana mchezo. Akishafunga, hata ulie machozi ya damu hakufungulii. Nikakaza mwendo, nikaipata, nikageuza njia ya nyumbani huku jua linazama.

Kwanza nikwambie habari za dada, maana bila hilo utanihukumu vibaya.

Dada yangu alikuwa kitandani kwa miaka miwili. Kuanzia shingoni kwenda chini hakuusikia mwili wake. Alianguka kwenye ngazi siku tuliyokuwa tunahamisha cherehani yangu. Yeye alishika upande wa chini, mimi wa juu, mkono wangu ukateleza. Ndiyo, mimi ndiye niliyeachia. Sijawahi kulificha hilo na silifichi leo. Cherehani ilipona, dada hakupona.

Nikamuuguza mimi. Nilimlisha, nilimwosha, nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Na siku moja, nikimpangusa uso, nikamwambia, "Dada, ningekuwa na uwezo, ningekupa mwili wangu utembee." Maneno ya kumpoza mgonjwa. Nani hajawahi kuyasema? Watu kila siku wanasema heri ningekufa mimi, na hakuna anayekimbia kuwachimbia kaburi.

Dada alinitazama muda mrefu.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli kabisa," nikajibu, nikakamua kitambaa.

Nina mtoto mmoja, wa kike, miaka mitatu. Tunamwita Kifaranga kwa sababu habanduki nyuma yangu. Baba yake alitoka kwenda kununua kiberiti, nadhani bado anachagua. Kwa hiyo dunia nzima nilikuwa naye huyo tu, na yeye alikuwa na mimi. Halali mpaka achomeke pua shingoni mwangu. Hata nikifia kazini, nilikuwa nasema, sawa, mradi jioni niisikie pua ile.

Mwezi mmoja kabla ya jioni hiyo, dada aliomba gauni. Nilifurahi mno. Mgonjwa anayetaka nguo mpya ameanza kutaka kuishi. Nikachukua tepu ya kupimia, nikamfunua shuka.

"Usinipime mimi," akasema. "Kata kwa vipimo vyako."

"Litakupwaya, dada. Umekonda sana."

"Siku nitakayolivaa litanikaa."

Fundi mzima, miaka kumi na miwili kwenye kazi, nikaliacha neno hilo lipite. Mapenzi yana upofu wake, na hatia ndiyo kabisa.

Mwalimu aliyenifundisha kushona alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku moja. Nguo ya mteja haivaliwi na fundi. Hata kwa kujaribu. Alisema nguo iliyokatwa kwa nia ya mtu ina mwenyewe, na wewe ukijitia ndani yake unaingia chumba kisicho chako. Sisi wanafunzi tulicheka, tukaona ni ujanja wake wa kutuzuia tusivae nguo za watu kwendea harusini.

Lakini dada hakuweza kusimama. Mama yetu ndiye aliyesema, "Si uvae wewe tulione? Mna kimo kimoja." Nikavaa. Mara ya kwanza, nyayo zangu zikafa ganzi mpaka nilipokwenda kulala. Mara ya pili ganzi ikapanda hadi kiunoni. Nikasema ni kukaa sana kwenye cherehani.

Jioni ya zipu ilikuwa mara ya tatu.

Getini nilikutana na mama mmoja mkandaji, anayekuja kumkanda dada misuli kila wiki. Mama ndiye aliyemleta. Alimtoa wapi, hakuwahi kusema. Mwanamke mrefu, mpole, mikono imelainika kwa mafuta. Aliponiona aliinama kunisalimu, kisha akanishika bega akitabasamu.

"Hongera," alinong'ona. "Umeshainuka. Pole na ugonjwa."

"Mimi ni mdogo mtu, mama. Mgonjwa yuko ndani."

Akanitazama kidogo, kama aliyekosea tarehe.

"Ah," akasema. "Bado."

Akaenda zake.

Chumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Nikamuuliza mama nini kimeungua, akasema hajui. Alikuwa amesimama mlangoni amembeba Kifaranga, naye mtoto, kwa ajabu, hakushuka kunikimbilia; mama alikuwa amemkumbatia kwa nguvu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaanza kushona zipu kwa mkono. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Tak... tak... tak...

"Mdogo wangu," dada akanong'ona. "Wewe uko wapi humo ndani?"

"Ndani wapi?"

"Mwilini. Ukijisikiliza, uko sehemu gani?"

Nikacheka. "Niko pote, dada. Kuanzia kisigino hadi utosi."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha mwili ukafa wote, mimi nikabaki. Sikupungua hata kidogo. Nimepata miaka miwili ya kulifikiria jambo hilo. Mtu si mwili wake. Mtu ni mpangaji tu."

"Haya, mwalimu."

"Na mpangaji huhama," akasema.

Nikakata uzi kwa meno. Nikavua blauzi na sketi, nikalivaa gauni. Lilinikaa barabara, lazima niseme kweli. Mama akamweka mtoto chini, akaja nyuma yangu.

Akapandisha zipu.

Krrrrr...

Baridi ikapanda pamoja nayo. Kiunoni. Mgongoni. Mabegani. Ikaishia shingoni, pale zipu ilipoishia. Nikainama haraka kuangalia upindo, sindano iliyokuwa imebaki pale ikanichoma kidole. Niliiona ikizama. Niliiona damu ikitoka.

Sikusikia maumivu yoyote.

"Aah!"

Si mimi niliyelia. Ni dada.

Kitandani, chini ya shuka, mwanamke ambaye kwa miaka miwili ungeweza kumwagia maji ya moto asijue, alikuwa amekunja uso kwa uchungu. Kisha akaanza kutabasamu. Machozi yakamtoka.

"Tena," akanong'ona. "Jichome tena, mdogo wangu. Tafadhali. Miaka miwili sijaumia."

Nikageuka. Sijui niligeuka vipi, maana shingo tu ndiyo iliyonitii.

"Mama, nifungulie zipu."

Mama hakusogea.

"Mama!"

"Siku saba tu, mwanangu," akasema, macho sakafuni. "Ameomba siku saba. Atembee, aone jua, kisha atakurudishia. Na wewe mwenyewe ulimwahidi. Alikuuliza kweli, ukamwambia kweli kabisa."

Ningekuwa na mikono, ningempiga mama yangu mzazi. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyosikia. Mtu wa mbali akikuuza unamlaani, maisha yanaendelea. Mama akikuuza, unamlaani kwa jina gani?

Nikamtafuta Kifaranga kwa macho. Chumba kikazunguka...

Halafu nikawa natazama dari.

Harufu ya shuka ilikuwa imenijaa puani. Nikajaribu kuinuka, pakawa hapana cha kuinua. Kulikuwa na kichwa changu, na chini ya kichwa hapakuwa na kitu. Na mbele yangu, mgongo ukiwa kwangu, alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kahawia. Sijawahi kukiona kisogo changu. Nilikiona siku hiyo. Na hata katika hali ile, ufundi ni ugonjwa, niliona zipu imepinda kidogo upande wa kushoto.

Mwanamke yule akainua mkono wangu, akanyonya damu kidoleni. Akapiga hatua moja. Mbili. Akacheka kwa sauti yangu.

"Kifaranga!" nikaita. "Njoo kwa mama! Njoo, mwanangu!"

Sauti iliyotoka ilikuwa ya dada, ile ya kukwaruza. Mtoto akashtuka, akalia, akakimbia. Alikimbilia magoti ya gauni la kahawia. Dada akamnyanyua. Mtoto akachomeka pua shingoni, akavuta pumzi moja ndefu, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekufa na bado napumua.

Siku saba zikapita. Nilizihesabu kwa dirisha. Siku ya nane asubuhi, dada akiwa ananilisha, nikamwambia, "Zimetimia."

"Nini zimetimia?"

"Siku saba."

Akanipangusa mdomo taratibu. "Mdogo wangu," akasema, "hivi kweli, ungekuwa mimi, wewe ungerudi humu?"

Nikamtazama mama. Mama akachukua bakuli, akaenda kuliosha, ingawa bado lilikuwa na chakula.

Nilipiga kelele wiki nzima. Majirani walikuja kunipa pole. Niliwaambia wote, mimi ndiye fundi, huyo ni dada yangu, amekaa ndani yangu. Walitikisa vichwa kwa huruma, wakamwambia dada, "Pole, fundi. Ugonjwa umempanda kichwani." Naye akajibu kwa sauti yangu nzuri, ile ya kuongea na wateja, "Ndiyo hivyo, tunamshukuru Mungu tu."

Asikudanganye mtu kwamba ananitesa. Ananigeuza kila baada ya saa mbili. Ananiosha vizuri kuliko nilivyomwosha. Wema wake ndio unaonikaba koo.

Jambo la cherehani ndilo lililonivunja. Dada hakuwahi kushona. Hata kutunga uzi alikuwa anaita mtu. Wiki ya tatu, nikasikia cherehani chumba cha pili. Mwendo wangu ule ule: mfupi, mfupi, mrefu. Nilidhani nimerukwa na akili. Akaja mlangoni na kola mkononi, mshono umenyooka, ananishangaa mimi na kujishangaa mwenyewe.

"Sijui nafanyaje," akasema. "Nakaa tu. Mikono inajua."

Miaka kumi na miwili nilijiita fundi. Kumbe fundi ilikuwa mikono, nami nilikuwa natembea nayo tu. Na kama ufundi ulibaki mikononi, na mwanangu alibaki shingoni, mimi nilihama na nini? Dada alisema mtu ni mpangaji. Hakuniambia kwamba mpangaji akitoka, vyombo vyote hubaki ndani. Nikauchukia mwili wangu kuliko nilivyowachukia wale wawili. Wao walikuwa na sababu zao. Mwili wenyewe ulitumika tu, kwa yeyote aliyeuamuru, bila kugoma hata siku moja.

Mkandaji amekuja mara moja tangu siku ile. Alisimama karibu na kitanda akinuka mafuta.

"Ulitufanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi hukanda tu." Akainama sikioni mwangu. "Vitu vya mtu haviibwi hivi hivi. Hutolewa na mwenyewe. Umeshazoea?"

Hakurudi tena, na mama anaapa kwamba hajui anakoishi.

Jana, jua likiwa linazama, Kifaranga alikuja peke yake. Huwa hapendi chumba hiki. Alisimama mbali kwanza, kisha akasogea, akaweka kidevu ukingoni mwa godoro. Nilizuia pumzi nisimtishe.

"Mama mkubwa," akasema, "kwa nini unalia kila siku?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yale miezi mitatu. Nikayasema kwa mnong'ono, polepole, kwa sauti tamu kuliko zote ambazo koo hili linaweza kutoa.

"Kifaranga. Mimi siyo mama mkubwa. Mimi ndiye mama yako. Nimekaa humu ndani. Nitazame machoni, mwanangu. Unaniona?"

Akanitazama. Nakuapia, alinitazama kweli. Uso wake ukabadilika, akakunja paji, akasogea hadi pumzi yake ikanigusa shavu. Kisha akauchukua mkono wangu juu ya shuka, akaufinya. Aliufinya kwa nguvu zake zote, huku ananitazama usoni.

"Haiumi?"

Ningedanganya. Kwa nini sikudanganya?

"Haiumi, mwanangu."

Akaurudisha mkono pale alipoutoa, kwa adabu kabisa.

"Mama yangu nikimfinya anaumia," akasema.

Akaondoka. Dada alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Mtoto akamkumbatia magoti, akapita. Nilingoja dada anikaripie, au anicheke. Uso wangu, ule uso ninaoukumbuka kwenye kioo, ulikuwa umelowa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, mabega yanatetemeka, naye amejishika kifua kwa mikono miwili.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo. Sijui nina nini. Moyoni sina huzuni yoyote, nakuapia, sina. Yanatoka tu."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile, niliona anaogopa.

Mama alikuja mbio. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, na najua kwamba aliniona. Mama mzazi hakosei. Midomo yake ikataka kusema kitu. Kisha akamshika dada mkono, akamtoa nje, akavuta mlango.

Nilisikia ufunguo ukizunguka. Na nyuma ya mlango, mpaka giza lilipoingia, niliendelea kujisikia nikilia, kwa sauti yangu mwenyewe.